Kiraka Kisichoonekana

Fundi wa nyasi bandia utamjua kwa suruali yake: magoti yameisha wakati mifuko bado mizima. Shughuli zake zote ziko chini, na nusu yake iko chini ya hicho unachokiona. Ukimkuta uani kwa mtu hapa Mbeya, Isyesye au Forest Mpya au kule Itezi, kapeti limefunuliwa upande mmoja, mgongo wake mweusi uko juu na mchanga umemwagika kila mahali, utadhani anabomoa. Subiri. Pita tena kazi ikishakauka, na hutajua alipiga goti wapi.

Hiyo ndiyo sifa ya kazi yake na ndiyo taabu yake. Seremala anakuachia meza, mwashi anakuachia ukuta, na mgeni akiuona atauliza nani kaujenga. Huyu akifanya vizuri hakuna cha kuuliziwa. Tunamlipa ili tusione alichokifanya, halafu tunalalamika bei kubwa kwa sababu hatukioni.

Wapo wanaoicheka kazi yenyewe. Kutandika nyasi za plastiki Mbeya, wanasema, ni kupeleka ndizi Tukuyu. Na wana hoja. Mji uko kwenye meta 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, udongo wake mwingi ni majivu ya volkano za kale, na mvua ikianza Novemba haikati vizuri mpaka Aprili au Mei. Hapa nyasi huzioteshi, unazizuia. Zile nyasi nene zitambaazo ambazo dunia nzima inaziita kikuyu, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Zilianza kupelekwa Afrika Kusini na Australia mwanzoni mwa karne ya 20, na leo zimetanda kwenye viwanja vyao vya michezo na malisho ya ng'ombe wao. Basi sisi tuliobaki na shina tunanunua plastiki ya nini?

Waulize wenye nyua, watakujibu bila aibu. Kuanzia Juni hadi Oktoba hakuna mvua ya maana, ukoka unageuka rangi ya karatasi ya kaki, na vumbi la Septemba linaingia mpaka kwenye sukari. Maji ya kumwagilia yana bili. Viwanja navyo vimekuwa vidogo: nyumba, simtanki, banda la kuku, gari, na kinachobaki ni kichochoro chenye kivuli cha ukuta ambako hata ukoka unakataa. Juu ya hapo kuna sendi-ofu na kichenipati. Watu wanataka pa kusimama wapigwe picha bila matope kupanda kwenye magauni. Mimi mwenyewe ningependa nyasi za kuota, lakini si mimi ninayefua magauni hayo.

Nyasi hizi zilizaliwa kwa shida ya namna hiyohiyo. Mwaka 1965 mji wa Houston, Marekani, ulifungua uwanja wa besiboli wenye paa, Astrodome, paa lake likipitisha mwanga ili nyasi zisife. Mwanga ukawaumiza macho wachezaji, wakawa hawauoni mpira hewani. Paa likapakwa rangi, wachezaji wakaona, nyasi zikafa. Mwaka 1966 wakatandika za plastiki. Kwetu watu wengi walizijua kupitia soka: Karume pale Dar es Salaam, Nyamagana Mwanza, Kaitaba Bukoba. Kutoka viwanjani zikaingia hotelini, kutoka hotelini zikaingia kwenye baa, saluni na studio za picha, na mwisho zikaruka ukuta zikaingia majumbani.

Ila uwanja wa mpira na ua wa nyumba ni vitu viwili. Uwanja unajengwa kwa mkataba, una mhandisi na mashine ya kuchana nyasi. Ua wa Mbeya una mwenye nyumba aliyenunua jora Kariakoo, likasafiri juu ya lori zaidi ya kilomita 800 kupitia Morogoro, Iringa na Makambako, likafika limebanwa na magunia. Mara nyingi amenunua mita zilezile alizopima, bila hata nusu ya ziada. Likatandikwa na yeyote aliyekuwepo, juu ya chochote kilichokuwepo. Miaka miwili baadaye anaitwa fundi.

Anayefaa hatangulizi kisu. Anavua viatu. Anatembea polepole kwa soksi kutoka ukuta hadi ukuta, akisikiliza kwa nyayo: hapa pamebonyea, hapa kuna jiwe, hapa maji yamelala. Kisha anachuchumaa na kupitisha kiganja juu ya nyasi, kwanza kuelekea mlangoni, kisha kurudi nyuma. Nyasi bandia zina ulalo, kwa sababu zilizungushwa kwenye jora zikiwa zimeinamia upande mmoja. Ukizitazama kutoka upande zinakoinamia, macho yanaona ncha na kivuli cha katikati yake, na rangi ni ya kijani iliyoshiba. Ukizitazama kutoka upande wa pili unaona migongo inayong'aa, na ua unaonekana mweupe. Pande mbili zikiwekwa kwa ulalo tofauti, hata mtoto ataona mstari, na hakuna gundi wala mchanga utakaoufuta.

Niliwahi kukaa nusu siku kwenye ngazi za jikoni kwa watu, Isyesye, nikimtazama mmoja akiziba tobo. Kulikuwa na sendi-ofu, jiko la mishikaki likawekwa juu ya nyasi, na kaa moja likaruka. Plastiki ya majani haya kwa kawaida ni polithini, ambayo huanza kulainika na kuyeyuka kati ya nyuzi joto 110 na 130. Kaa la moto linapita nyuzi 500. Hapo hakuna mjadala. Chai iliyomwagika haidhuru kitu, maana kwa mwinuko wa Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Mafuta ya maandazi ndiyo adui. Yanapita 170, na karai likiyumba unapoteza eneo la sinia zima. Tobo hili lilikuwa dogo, la upana wa kisosi, kingo zake zimegandana kuwa ngumu na nyeusi.

"Fundi, si litaonekana?" mama mwenye nyumba aliuliza kutoka dirishani.

"Ukiliona, mama, niite."

Aliomba kipande kilichobaki siku ya kutandika. Hakikuwepo, walikifanya zulia la kufutia miguu, na kuku wakalimaliza. Kwenye begi lake alikuwa na vipande kadhaa vya nyasi za kijani, na mtu mwingine angechukua kimoja kinachokaribiana akamaliza kazi. Yeye alikwenda nyuma ya simtanki, pale ambapo hakuna anayekanyaga isipokuwa anayesoma mita ya maji, akapiga goti, akakata kiraka kutoka hapo. Kipya alichokuja nacho kingekwenda kuziba kule nyuma.

Sababu yake ni jua. Shirika la Afya Duniani linasema mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kila unapopanda meta 1,000, na sisi tuko juu sana. Baridi ya Mbeya inatudanganya. Tunavaa sweta huku jua linachubua. Kapeti lililokaa nje misimu mitatu halina tena kijani cha dukani. Kipande kipya katikati yake kingepiga kelele, hata kama kimekatwa na kuunganishwa kwa ustadi wote. Cha nyuma ya simtanki kimezeeka pamoja na mwenzake, ingawa kimepata kivuli kidogo, na fundi alichagua upande wa simtanki unaopigwa na jua la asubuhi.

Kisha akalifunua kapeti na kuligeuza. Mgongoni, nyasi zinaonekana kama mishono, mstari kwa mstari, kila kishungi kimechomwa kwa sindano na kufungwa kwa mpira mweusi uliomiminwa juu yake. Hapo ndipo panakatwa, kutokea nyuma, kwenye nafasi iliyo kati ya mstari na mstari. Ukikatia juu unakata majani usiyoyaona, na kesho ukifagia yanang'oka moja moja. Alitia wembe mpya kwenye kisu, akahesabu mistari kwa ncha ya kidole, akachora pembe nne kwa chaki. Tobo lilikuwa la duara, naye akakata mraba. Nilimuuliza kwa nini asipunguze hasara akafuata umbo la tobo. Akasema duara linapita juu ya mishono mingi, mraba unapita kati yake.

Alichora pia mshale mdogo wa chaki nyuma ya kiraka, na mwingine mgongoni mwa kapeti, yote ikielekea mlangoni. Alijaribisha kiraka kikavu mara tatu. Mara ya pili kiliingia kwa kubana, nami nikaona kimekaa sawa kabisa; yeye akakitoa akapunguza upande mmoja unene wa uzi. Kiraka kinachobana, alisema, kitainua mgongo jua likiwaka. Nafasi inayotakiwa kati ya kingo mbili ni ileile iliyopo kati ya mstari na mstari wa mshono, isizidi wala isipungue. Ikizidi, jicho linaona njia. Ikipungua, majani yanasimama kama ukingo.

Utepe wa kuunganishia, mpana kiasi cha rula ya shule, aliusukumia chini ya kingo zote nne. Gundi aliisambaza kwa kipande cha bati alichokikata meno kwa mkasi, ili ikae kwa mistari badala ya kidimbwi. Hapo akangoja. Gundi nyingi hazipendi baridi, na asubuhi za Juni na Julai zinashuka chini ya nyuzi 10. Fundi wa Mbeya anayeanza kugundisha saa moja asubuhi anafanya kazi ya kurudia. Huyu alianza saa nne, zege la chini lilipokuwa limepata joto. Aliposhusha kiraka alikuwa na mswaki wa zamani mkono wa kushoto, akipangua majani yasinaswe chini, akishusha kidogo, akipangua tena. Jani moja likinaswa kwenye gundi linaacha kipara kidogo, na vipara kumi vinatengeneza mstari. Kazi ya dakika tano ilimchukua karibu saa nzima. Mwisho akaweka ubao juu, na juu ya ubao tofali mbili, akamwambia mama asimruhusu mtu kukanyaga mpaka kesho yake.

Kiraka ni kazi ndogo. Kubwa ni pale maungio ya jora na jora yanapoachia, na hili ndilo linalowaita mafundi kila Septemba na Oktoba. Majora mengi yana upana wa mita 2 au 4, kwa hiyo ua wowote wa maana una maungio. Mchana wa Oktoba plastiki inatanuka kwa joto. Usiku, baridi inaivuta. Aliyekata na kuunganisha saa saba mchana, kapeti limejitanua mpaka mwisho, ameweka maungio yatakayovutana usiku huohuo. Aliyeyaunganisha alfajiri ameweka yatakayovimba. Mafundi wazuri huanza kwa kulitandua jora na kuliacha juani lisahau kukunjwa, kisha hukata jua linapopoa. Jora huja na ukingo usio na nyasi pande zote mbili, na mishono ya mwanzo karibu nao huwa imelegea. Ukingo huo huondolewa pamoja na mistari miwili au mitatu. Mwenye nyumba anaona mita zake zinatupwa, anaanza kugomba. Naona mafundi wengi wanaharibu hapo, kwa kumwogopa.

Tusipite bila kusema lililo chini kabisa. Maungio mengi yanayoachia hayana kosa lolote yenyewe; ardhi ndiyo imekwenda. Udongo wetu wa majivu ni mwepesi, na ukipata mvua ya Januari bila kushindiliwa unakaa chini hapa na kubaki juu pale. Kapeti linafuata. Fundi mwenye msimamo atakataa kushona juu ya hali hiyo. Atafunua, achote udongo kwa chepe, aweke moramu au kokoto ndogo na vumbi lake, ashindilie, apime mteremko kwa uzi na pima maji ili maji yaende mferejini na si sebuleni. Hata juu ya zege, kama mwashi aliacha bonde, maji yatalala chini ya plastiki, na baada ya mwezi ua utanuka kama gunia bichi. Mwenye nyumba aliita mtu wa gundi, anaona toroli linaingia. Hapo ndipo urafiki unapojaribiwa.

Mchanga ndio jambo ambalo majirani hawalielewi hata kidogo. Kwa nini mtu amwage mchanga juu ya kapeti safi? Kwa sababu mchanga ndio unaolishikilia lisitembee, ndio unaoyasimamisha majani, na ndio unaoikinga mishono na jua. Lakini si mchanga wowote. Nimeona fundi akichota konzi moja kutoka kwenye guta lililoletwa, akaitia kwenye chupa ya maji ya nusu lita, akajaza maji, akatikisa, akaiweka juu ya ukuta. Mchanga ulishuka mara moja. Maji yakabaki rangi ya chai ya maziwa, na baada ya muda juu ya mchanga kukalala tabaka la tope laini, karibu unene wa kidole. Alimwambia mwenye guta arudi nao. Tope lile lingeziba vitundu vya kupitishia maji vilivyo mgongoni mwa kapeti, na masika yangelifanya bwawa. Mchanga unaofaa umeoshwa, umekauka, chembe zake ni za mviringo zisizokata majani. Unamwagwa kidogo kidogo, unafagiliwa, unamwagwa tena. Anayemimina wote kwa pamoja anazika nyasi zikiwa zimelala.

Kufagia nako kuna adabu yake. Fagio gumu la plastiki au la chelewa, kamwe si brashi ya waya, na unafagia dhidi ya ulalo, ukiyainua majani. Ua unaopata hivyo mara moja kwa juma hauhitaji fundi mara kwa mara. Vumbi la kiangazi linataka mpira wa maji kabla halijageuka tope. Kinyesi cha kuku kinatolewa kikikauka, kisha maji, na siki iliyozimuliwa ikiwa harufu imekaa. Na ukoka? Ukoka haujasoma lebo. Unapenya kwenye kingo, unatambaa chini kwa chini, na asubuhi moja unakuta jani la kweli limesimama katikati ya majani ya plastiki, na mara nyingi ndilo zuri zaidi. Fundi analifuatia kwa kidole mpaka kwenye kingo na kulitoa na mzizi wake wote. Akilikata juu linarudi kabla hajalipwa.

Kazi hii ina mwisho wake, na fundi wa kweli anaujua. Anashika jani moja, analivuta na kulipinda. Likirudi, kuna maisha. Likikatika na kuacha unga vidoleni, kinga ya jua imekwisha, na kiraka chochote kitashika kwenye kitu kisichoshikika. Nimemsikia mmoja akiikataa hela ya namna hiyo, akamwambia mzee mwenye nyumba, "Shikamoo mzee, lakini hili nikilishona nitakuwa nimekuibia." Unga ule nao hauendi mbinguni, mvua inaupeleka mferejini na mtoni. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria ya kuzuia chembechembe za plastiki zinazomwagwa kwenye viwanja vya nyasi bandia, ikatoa miaka minane ya kujiandaa. Nyua zetu zinatumia mchanga, hilo tumeepuka, lakini kapeti la bei ya kutupa linalosagika juani halitofautiani sana. Ndiyo maana namheshimu anayeziba kuliko anayeuza jipya. Kila kapeti analoliongezea miaka ni moja ambalo halijaenda dampo.

Niliporudi Isyesye, tofali na ubao vilikuwa vimeondolewa, mchanga umefagiliwa, na watoto wanacheza. Mama aliniambia nilitafute lile tobo. Nilijua liko hatua chache kutoka mlangoni, upande wa mpera. Nilitembea, nikainama, nikapapasa. Fundi alipokuja kuchukua hela yake iliyobaki, mama alimhesabia na kumwambia "ndaga fijo", yaani asante sana, naye akaitia mfukoni bila hata kutazama mahali alipofanyia kazi.

Kwa hiyo ukienda kununua, ongeza walau mita moja juu ya ulizopima. Kitakachobaki usikifungie stoo na usiwape kuku. Kilaze juu ya paa la banda au nyuma ya simtanki, majani juu, kipigwe jua na mvua pamoja na wenzake, na mgongoni mwake uchore kwa rangi mshale wa ulalo. Jiko la mkaa liweke kwenye zege. Na fundi akikuomba siku mbili kwa tobo la kisosi, mpe.